Marufuku ya mazao: Mzigo ulioko njiani upite

Mwishoni mwa Juni 2017, katika sherehe za Idi mkoani Kilimanjaro, Waziri Mkuu wa Tanzania, Kassim Majaliwa, alitangaza kwamba mahindi hayatatoka tena nje ya nchi bila kibali. Aliyetaka kuuza nje aliambiwa asage kwanza, auze unga. Amri ilianza kazi palepale. Mfanyabiashara aliyekuwa amelipia mahindi yake Kibaigwa, akapakia na kuliondoa lori kuelekea Holili au Namanga, alilala akiwa mchuuzi halali na kuamka akiwa msafirishaji wa magendo. Mahindi yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni neno la kiongozi.

Upande wa pili wa mpaka, msimu huohuo, Kenya ilikuwa na uhaba mkubwa. Serikali yake ilikuwa imeanza kutoa ruzuku ili pakiti ya kilo mbili ya unga iuzwe kwa shilingi 90 za Kenya, na mwezi Mei meli yenye takriban tani 30,000 za mahindi kutoka Mexico ilitia nanga Mombasa. Mahindi yalivuka bahari kutoka Amerika kwenda kulisha Nairobi, huku ya Kongwa na Kiteto yakizuiwa kuvuka geti moja.

Haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho. Tanzania ilikuwa imefunga mauzo ya mahindi nje mwaka 2011 pia, kisha ikafungua. Ijumaa ya Machi 5, 2021, ilikuwa zamu ya Kenya: Mamlaka ya Kilimo na Chakula iliwaandikia watu wa forodha isimamishe mahindi yote ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile ambayo wengi huiita aflatoksini. Siku chache baadaye marufuku hiyo ililegezwa kwa masharti mapya, lakini malori yalishapanga foleni. Hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Nairobi mwanzoni mwa Mei, mahindi yaliyokwama Namanga bado yalikuwa ajenda ya marais wawili, na ndipo Rais Uhuru Kenyatta alipoagiza yaruhusiwe kupita.

Aprili 2025 ikawa zamu ya kusini. Malawi ilikuwa imezuia unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi kutoka nje, na Afrika Kusini ilikuwa haipokei ndizi za Tanzania. Waziri wa Kilimo wa Tanzania, Hussein Bashe, akajibu kwa kuzuia mazao yote ya kilimo kutoka nchi hizo mbili. Baada ya siku chache mazungumzo yalifanyika na zuio la Tanzania likaondolewa. Kwa wizara, hayo yalikuwa mafanikio ya kidiplomasia. Kwa mwenye ndizi mpakani, siku chache ndizo umri wote wa bidhaa yake.

Hakuna nchi katika ukanda huu yenye mikono misafi. Kila moja imewahi kufunga, na kila moja imewahi kulalamika kwa kufungiwa. Ndiyo maana mjadala wa nani alianza hauna faida kwa mtu mwenye gunia mgongoni. Swali lenye faida ni hili: serikali inapoona lazima izuie mazao, kwa nini gharama yote ibebwe na yule ambaye tayari yuko njiani?

Hofu ya serikali si ya bure

Itakuwa si haki kuziona serikali kama zinafunga mipaka kwa ubishi tu. Njaa ipo, na viongozi wanaikumbuka. Malawi iliuza karibu akiba yake yote ya nafaka kati ya mwaka 2000 na 2001. Mavuno yaliyofuata yakawa mabaya, na mwaka 2002 watu wakafa kwa njaa. Tangu hapo, kiongozi yeyote wa Lilongwe anapoona malori ya mahindi yakitoka, kumbukumbu hiyo inamkaa kichwani. Ni vigumu kumlaumu.

Zambia nayo ilikumbwa na ukame mkali msimu wa 2023/24, na mwishoni mwa Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza janga la kitaifa. Nchi ambayo kwa kawaida huuza mahindi ikawa mnunuzi. Hakuna mtu mwenye akili angetarajia Zambia iendelee kuuza nafaka nje wakati wakulima wake wenyewe hawakuvuna.

Ipo pia siasa, na siasa nayo haifichiki. Bei ya sembe ni kura. Mwaka 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti, serikali ya Kenya ilishusha pakiti ya kilo mbili ya unga kutoka zaidi ya shilingi 200 hadi 100 kwa ruzuku ya muda. Wakazi wa mjini wako pamoja, wana redio na simu, na wakikasirika wanaonekana barabarani. Mkulima wa Sumbawanga ambaye mahindi yake yameshuka bei hana foleni ya kupigwa picha. Hasara yake iko ghalani, na hakuna kamera inayokwenda kule. Kwa hiyo serikali ikipima kelele za pande mbili, ghala lina sauti ndogo.

Ukichanganya kumbukumbu ya njaa na hesabu ya kura, marufuku inakuwa dawa rahisi. Haihitaji bajeti wala kupitishwa na bunge. Inatangazwa jukwaani na inatekelezwa na askari wa kizuizini jioni hiyohiyo. Tatizo ni kwamba dawa ya bei nafuu kwa serikali ni ya bei ghali kwa wananchi wake.

Nani hulipa

Wa kwanza kulipa ni mkulima. Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, yaani Rukwa, Katavi, Songwe, Mbeya, Njombe, Iringa na Ruvuma, huvunwa kwa wingi kati ya Mei na Agosti. Kenya huvuna mahindi yake mengi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu kuanzia Oktoba. Uganda ina misimu miwili. Kalenda hizi zinapishana, na hiyo ndiyo neema ya ukanda huu: mmoja anapomaliza ghala, mwingine anavuna. Mpaka ukifungwa Juni, mnunuzi wa Nairobi huondolewa sokoni wakati uleule ambapo mkulima wa kusini ana mahindi mengi na madeni ya mbolea na ada za shule. Anauza kwa bei yoyote atakayopewa. Baada ya marufuku ya 2017, mikoa hiyo ilibaki na mahindi yasiyo na soko, na bei ikaporomoka kiasi kwamba wakulima wengi hawakurudisha hata gharama za pembejeo.

Wa pili ni mfanyabiashara, hasa mdogo. Kampuni kubwa ina ghala upande huu na wakala upande ule, ina mwanasheria na namba ya simu ya ofisa. Ikizuiwa, inasubiri. Mama anayenunua magunia kumi kwa mtaji wa kikoba hana pa kusubiria. Lori likisimama, kila siku ina bei yake: dereva anataka posho, mwenye gari anataka fidia ya gari lake kukaa bure, mlinzi anataka chake, na riba ya mkopo haijui habari za marufuku. Wengi wa wachuuzi hawa ni wanawake, na mtaji uliopotea mpakani haurudi msimu unaofuata. Anayepoteza magunia kumi hapotezi faida ya mwezi. Anaondoka kwenye biashara.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuwa wamefunga turubai juu ya mahindi mpakani. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinataka punje iwe na unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu ya aflatoksini isizidi sehemu 10 katika bilioni. Mahindi yaliyopakiwa yakiwa yamekauka vizuri yanaweza kukaa chini ya turubai wiki mbili, jua mchana na mvua usiku, yakaanza kuvuta unyevu na kuota ukungu. Kwa hiyo zuio lililowekwa kwa jina la kulinda walaji dhidi ya sumu linaweza lenyewe kuwa kiwanda cha sumu hiyo. Mahindi hayo hayatupwi. Mwenye nayo akishakata tamaa huyauza kwa bei ya kutupa, na mara nyingi yanaishia kuliwa na watu maskini kuliko wale aliokusudia kuwauzia.

Wa tatu kulipa ni yuleyule aliyekusudiwa kulindwa, yaani mlaji wa mjini, ila yeye hulipa kwa kuchelewa. Mwaka wa kwanza bei inashuka na serikali inasifiwa. Mwaka wa pili mkulima aliyechomwa anapunguza eka za mahindi, anapanda alizeti au ufuta, au ananunua mbolea pungufu. Mavuno yanapungua, bei inapanda, na serikali inaona sababu mpya ya kufunga mpaka. Hivyo marufuku huzaa marufuku.

Na wakati huo wote mahindi hayaachi kusafiri. Mpaka wa Kenya na Tanzania una njia za panya zisizohesabika, na mpaka wa Zambia na Kongo vivyo hivyo. Lubumbashi na miji ya machimbo ya Katanga imezoea kula mahindi ya Zambia. Zambia inapozuia, watu wa huko hawaachi kula. Unga hupita kwa baiskeli, kwa bodaboda na kichwani, na kila anayeupitisha huongeza gharama yake. Tofauti ni kwamba mzigo uliokuwa ukilipa ushuru na kupata cheti cha afya ya mimea sasa unalipa rushwa na hauna cheti chochote. Hongo hiyo haitoki mfukoni mwa dalali. Inakatwa kwenye bei anayopewa mkulima na kuongezwa kwenye bei anayolipa mlaji.

Kibali nacho huwa bidhaa

Mara nyingi serikali haisemi "marufuku". Inasema "kwa kibali". Mwaka 2023 Tanzania ilisisitiza kwamba haijazuia mauzo ya mahindi nje, bali imeweka utaratibu: anayesafirisha awe amesajiliwa nchini, awe na namba ya mlipa kodi na vibali vya mazao. Hoja ya utaratibu ina uzito wake. Wanunuzi wasiosajiliwa walikuwa wakiingia hadi mashambani, wakinunua mahindi yakiwa bado mabichi, na nchi haikujua kiasi gani kimetoka. Serikali isiyojua kilichomo ghalani haiwezi kupanga chakula cha watu wake.

Lakini kibali ambacho hakina muda maalumu wa kutolewa ni marufuku kwa jina jingine. Kibali kinachotolewa makao makuu tu, kilomita mia kadhaa kutoka mpakani, ni marufuku kwa maskini na ruhusa kwa mwenye gari. Na kibali kikiwa adimu, chenyewe kinaanza kuuzwa. Anayekipata si lazima awe mwenye mahindi bora au bei nzuri. Ni yule mwenye mtu wake ofisini. Tofauti kati ya bei ya ndani na bei ya nje ilikuwa mali ya mkulima. Kwa mhuri mmoja inahamia kwa mwenye karatasi.

Mchele wa India na somo lake

Jambo hili si la Afrika peke yake. India huuza takriban asilimia 40 ya mchele wote unaouzwa baina ya nchi duniani. Julai 2023 ilizuia mauzo ya nje ya mchele mweupe usio basmati ili kutuliza bei nyumbani, na mwezi uliofuata kipimo cha bei ya mchele cha Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kilifika juu kuliko wakati wowote katika miaka 15. Walaji wa Afrika walilipia uamuzi uliofanywa Delhi. India iliondoa zuio hilo Septemba 2024.

Hali mbaya zaidi ilikuwa mwaka 2008. Hakukuwa na upungufu mkubwa wa mchele duniani, lakini India, Vietnam, Misri na wengine walifunga mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiogopa kuwa wa mwisho. Wachumi Will Martin na Kym Anderson walikadiria kwamba takriban asilimia 45 ya upandaji wa bei ya mchele kati ya 2006 na 2008 ilitokana na hatua za nchi zenyewe za kujikinga. Karibu nusu ya tatizo, kwa maneno mengine, ililetwa na dawa.

Mantiki yake inaeleweka na kila mtu aliyewahi kukaa kwenye foleni ya sukari. Mtu mmoja akinunua kilo kumi badala ya mbili, yeye yuko salama. Wote wakifanya hivyo, duka linabaki tupu na aliyechelewa anakosa. Kanuni za Shirika la Biashara Duniani zinakataza kuzuia mauzo nje, ila zinaruhusu zuio la muda pale nchi inapokabiliwa na upungufu mkubwa wa chakula. Neno la kushika hapo ni "muda". Marufuku isiyo na tarehe ya mwisho haimo ndani ya ruhusa hiyo.

Hoja ya viwanda

Ipo sababu nyingine ya kuzuia mazao ghafi, ambayo haihusu njaa: kulisha viwanda vya nyumbani. Ndiyo iliyokuwa nyuma ya agizo la 2017 la kusaga kwanza. Kenya imezuia kuuza nje makadamia yasiyobanguliwa tangu 2009. Viwanda vilijengwa na ajira zikapatikana. Lakini soko la dunia lilipotetereka na viwanda vikapunguza ununuzi, mkulima hakuwa na mnunuzi mwingine wa kumkimbilia, na bei ya shambani ikaanguka vibaya. Mwishoni mwa 2023 serikali ililazimika kulegeza zuio kwa muda.

Msumbiji ilionja upande wa pili. Katika miaka ya 1990, kwa shinikizo la Benki ya Dunia, ilipunguza ushuru wa kuuza nje korosho ghafi. Wakulima waliahidiwa bei nzuri. Walichopata kilikuwa kidogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya nafuu ilibaki kwa wafanyabiashara wa kati, huku viwanda vya kubangua vikifungwa na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakipoteza kazi.

Mifano hii miwili inapingana tu kwa anayetafuta jibu la kufunga au kufungua. Inapatana katika jambo jingine. Makadamia yalizuiwa bila njia ya kumnusuru mkulima soko likibadilika. Korosho ziliachiliwa bila muda wa viwanda kujipanga. Katika hali zote mbili, aliyeumia ni yule asiyekuwa na nafasi ya kujiandaa. Ushuru mdogo wa mauzo ghafi unaojulikana mapema, unaobaki palepale kwa miaka kadhaa, unaweza kuhesabiwa na kila mtu, mkulima kwa mchuuzi hadi mwenye kiwanda. Tamko la jukwaani haliwezi kuhesabiwa na yeyote.

Kinachotakiwa

Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza mwaka 2010. Sheria ya Jumuiya ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha ni ya mwaka 2017, mwaka uleule wa amri ya Kilimanjaro. Utaratibu rahisi wa biashara unampa mchuuzi mwenye bidhaa za hadi dola 2,000 za Marekani cheti cha uasilia palepale mpakani. Yote hayo ni mazuri, lakini hayana nguvu siku ya tamko. Ofisa wa forodha akiwa na sheria ya Jumuiya mkono mmoja na simu ya wizara mkono mwingine, hutii simu.

Kwa hiyo kazi iliyobaki ni ya kuifunga mikono ya simu hiyo. Hatua za kuanzia ni chache na hazihitaji fedha nyingi.

Ya kwanza, mzigo ulioko njiani upite. Shehena yoyote iliyolipiwa na kupata nyaraka kabla ya tarehe ya tamko iruhusiwe kuvuka, na zuio jipya lisianze kabla ya siku 30 kupita. Hoja kwamba muda huo utawapa watu nafasi ya kukimbiza mahindi nje ni dhaifu. Malori yana idadi, barabara zina mizani, na kinachoweza kuvuka kwa mwezi mmoja kinajulikana. Nchi ambayo mwezi mmoja wa biashara unaweza kuiletea njaa ilikuwa na tatizo siku nyingi, na lilipaswa kutangazwa siku nyingi.

Ya pili, kila zuio liwe na tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Serikali ikitaka kuongeza muda, ije tena na sababu.

Ya tatu, takwimu za akiba zitangazwe kila mwezi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula wa Tanzania, Bodi ya Nafaka na Mazao ya Kenya na wenzao wa Zambia na Malawi wanajua wana tani ngapi. Wafanyabiashara wakijua pia, watanunua na kuuza kwa hesabu badala ya uvumi. Uvumi wa zuio hupandisha bei haraka kuliko zuio lenyewe.

Ya nne, serikali inayotaka mahindi yabaki iyanunue. Mkulima hana ugomvi na mnunuzi wa serikali anayelipa bei ya soko na kulipa kwa wakati. Ana ugomvi na mnunuzi anayemfukuzia wanunuzi wengine kisha akanunua kidogo na kulipa baada ya miezi. Na msaada wa unga uelekezwe kwa kaya maskini badala ya kutolewa kwenye bei ya mkulima.

Ya tano, cheti kimoja cha maabara kitambulike pande zote mbili. Mahindi yaliyopimwa sumukuvu Arusha kwa kiwango cha Jumuiya hayapaswi kupimwa upya Namanga kana kwamba mpaka umebadilisha punje.

Mwaka 2024 ulionyesha kwamba njia hii inawezekana. Zambia ilipokosa mavuno, ilikubaliana na Tanzania kununua takriban tani 650,000 za mahindi kutoka hifadhi ya taifa. Ghala la jirani lililokuwa limejaa, kwa sababu wakulima wa Rukwa na Songwe walilima wakiwa na matumaini ya soko, ndilo lililokuwa bima ya Zambia. Mkulima aliyevunjwa moyo na marufuku za kila mara hangekuwa na mahindi hayo ya kuuza. Usalama wa chakula wa nchi moja ulikuwa shambani kwa nchi nyingine.

Upande wa wafanyabiashara

Haki hii ina wajibu wake, na wafanyabiashara wanapaswa kuutamka wenyewe kabla hawajatamkiwa. Lumbesa ni wizi, hata kama kila mtu anaifanya. Anayemjazia mkulima gunia hadi shingoni na kulipa bei ya gunia la kawaida hana mdomo wa kulalamikia dhuluma ya mpakani. Anayenunua mahindi mabichi shambani kwa bei ya shida anaipa wizara sababu ya kufunga. Anayechanganya mahindi yenye ukungu na mazuri ili uzito utimie anaiharibia njia nzima ya Namanga, na watoto wa watu wanakula sumu hiyo.

Kipimo cha unyevu kinaweza kununuliwa na kikundi cha wachuuzi kwa kuchangishana. Risiti ya mkulima, tarehe ya kupakia na nakala ya kibali ni karatasi tatu tu, lakini ndizo zitakazothibitisha kwamba mzigo ulikuwa njiani kabla ya tamko. Asiye na karatasi hana tarehe, na asiye na tarehe hana haki ya kudai. Vikwazo vinavyojitokeza viripotiwe kwenye mfumo wa kikanda uliowekwa kwa kazi hiyo, tena kupitia vyama, kwa maana lalamiko la mtu mmoja huishia kwenye meza ya zamu.

Kuna tahadhari pia kwa wa kusini. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, hivyo mchuuzi wa Tunduma hana unafuu uleule alionao mwenzake wa Namanga chini ya Jumuiya. Vyama vya Tunduma na Nakonde, Kasumulu na Songwe vina kazi ya ziada ya kuzibana serikali zao ziandikiane masharti ya mzigo ulioko njiani, bila kusubiri mikataba mikubwa ya bara zima ifike kwenye geti lao.

Mvua itakosekana tena mwaka mmoja, mahali fulani katika ukanda huu. Serikali fulani itaingiwa na hofu, na kiongozi fulani atapanda jukwaani. Hilo halizuiliki. Kinachoweza kuzuilika ni lori lililopakiwa jana kuhukumiwa kwa amri ya leo. Mawaziri wa kilimo na biashara wa nchi hizi hukutana mara kwa mara, na kanuni hiyo inatosha ukurasa mmoja. Waiandike kabla ya mavuno yajayo, wakati hakuna anayelia njaa na hakuna lori lililosimama.